Saratani ya Kongosho: Kabla ya Kununua Dawa ya Kuongeza Kinga

Mtu akishaambiwa kuwa ana saratani ya kongosho, ndugu na majirani huanza kuja na mikono iliyojaa. Huyu ameleta unga wa mlonge, yule mafuta ya habasoda, mwingine ana namba ya simu ya muuzaji wa dawa ya kupandisha kinga. Nia zao ni njema, na wote wameshika wazo moja: kinga ilishuka ndipo saratani ikaingia, hivyo ikipandishwa saratani itaondoka.

Wazo hilo tulichunguze kwa makini, kwa sababu katika saratani hii linagharimu fedha, muda na mara nyingine uhai. Uvimbe wa kongosho haukosi seli za kinga. Umejaa seli hizo. Shida ni kwamba nyingi kati yake zimeacha kuushambulia uvimbe na zimeanza kuutumikia, na zile chache zenye uwezo wa kuua saratani zimezuiwa zisiufikie. Familia ikilielewa jambo hili moja, itajua idai vipimo gani, iulizie tiba gani, isipuuze dalili gani, na fedha yake iielekeze wapi kwanza.

Kongosho na uvimbe wake

Kongosho ni kiungo chenye urefu wa takribani sentimita 15, kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, kichwa chake kikiwa kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo. Kinatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na kinatengeneza homoni, insulini ikiwa maarufu kuliko zote. Kwa kuwa kimejificha, uvimbe wake haupapasiki mapema. Mwaka 2022 watu wapatao 510,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na wapatao 467,000 walifariki kwa saratani hiyo hiyo. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja utaona ukali wa ugonjwa huu. Hata Marekani, yenye mashine na madaktari bingwa wengi, ni wagonjwa wapatao 13 tu kati ya 100 wanaokuwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa.

Aina iliyoenea zaidi huanzia kwenye vifereji vinavyopitisha vimeng'enya. Katika aina hii, zaidi ya vivimbe 9 kati ya 10 vina hitilafu kwenye jeni iitwayo KRAS. Hitilafu hiyo huamuru seli zijigawe bila kukoma, lakini pia huzifanya zitoe kemikali zinazoziita seli fulani za kinga na kuzibadilisha tabia. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa wito huo huanza mapema mno, tangu vifereji vinapokuwa na mabadiliko ya awali ambayo hayajawa saratani kamili. Kwa hiyo siku mgonjwa anapopata jibu la kipimo, uhusiano kati ya uvimbe na kinga yake umekwisha kukomaa.

Nani yumo ndani ya uvimbe

Kinga ya mwili ina seli za aina nyingi, na katika saratani ya kongosho kila aina ina kisa chake.

Za kwanza ni seli T za kuua. Hizi huitambua seli iliyoharibika kwa kusoma vipande vya protini vilivyo juu ya ngozi yake, kisha huitoboa na kuiua. Ndizo tunazozihitaji zaidi. Katika vivimbe vingi vya kongosho seli hizi ni chache, au zimekwama pembezoni, au zimeingia zikiwa zimechoka kiasi cha kutofanya kazi.

Za pili ni makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Kazi yake nyingine ni kuponya vidonda: kidonda kikishasafishwa, makrofaji hutuliza mapambano, huita mishipa mipya ya damu na kuhimiza tishu ziote. Uvimbe huzishika makrofaji kwenye hali hiyo ya uponyaji, nazo huuhudumia kama kidonda kisichopona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa makrofaji hizo hutoa pia kemikali zinazofanana na dawa ya gemsitabini, na kemikali hizo hushindana na dawa hadi seli za saratani zikanusurika. Ndiyo kusema seli ya kinga inaweza kuikinga saratani dhidi ya kemotherapia.

Kisha kuna seli changa zinazotoka kwenye uboho wa mifupa kabla hazijakomaa, ambazo huzima seli T. Kuna seli T za kutuliza, ambazo kwa mtu mzima wa afya huzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe, lakini ndani ya uvimbe huzuia mapambano yanayotakiwa. Kuna nyutrofili, za kwanza kufika penye maambukizi, ambazo hutema nyuzi za vinasaba vyao kama nyavu za kunasia vijidudu; katika saratani hii nyavu hizo huchangia damu kuganda mahali pasipostahili.

Zaidi ya hapo kuna seli za kutengeneza nyuzi. Hizi si seli za kinga, lakini hushirikiana nazo. Zinatandaza tishu ngumu ambayo katika vivimbe vingi huchukua sehemu kubwa kuliko saratani yenyewe. Tishu hiyo hubana mishipa ya damu, hivyo dawa na seli T hupenya kwa shida. Wanasayansi waliwahi kudhani kuwa ikiondolewa mambo yatatengemaa. Mwaka 2014 tafiti mbili za panya zilionyesha kinyume: seli za nyuzi zilipopunguzwa, saratani ilizidi ukali. Tishu ileile inayoizuia dawa ilikuwa pia inaizuia saratani isisambae.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanajibu swali la msingi la kila familia. Anayekuuzia chupa ya kuongeza kinga hawezi kukuambia anaongeza seli ipi. Kuziongezea nguvu seli zote kwa pamoja ni sawa na kuwagawia silaha askari wa kituo ambacho nusu yao wamekwisha kuhongwa. Kazi ya tiba ya kweli ni kuzigeuza zilizopotoka, kuziondolea kizuizi zilizozuiwa, na kuzifundisha zisizomjua adui.

Kwa nini dawa zilizosifika hazikufua dafu

Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua namna ya kuondoa breki zinazozuia seli T. Dawa zilizotokana na kazi yao zimewarudishia uhai watu wengi wenye saratani ya ngozi, ya mapafu na ya figo. Ndipo familia nyingi huuliza: kwa nini mgonjwa wetu asipewe hizo?

Jibu limo kwenye majaribio yaliyokwisha kufanyika. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya wagonjwa 27 wa saratani ya kongosho waliopewa ipilimumabu, mojawapo ya dawa hizo, peke yake. Hakuna aliyetimiza vigezo vya kawaida vya kupungua kwa uvimbe, ingawa mmoja alipata nafuu baadaye. Mwaka 2012 dawa nyingine ya kundi hilo ilijaribiwa kwa wagonjwa 14 wa kongosho, na hakuna uvimbe hata mmoja uliosinyaa. Breki ikiondolewa, lazima kuwe na seli T za kwenda mbele. Katika uvimbe wa kongosho mara nyingi hazipo, na zilizopo zimezungukwa na makrofaji na seli changa zinazozizima.

Kwa hiyo ukiambiwa na kituo chochote, cha hapa au cha nje, kuwa mgonjwa wako alipie tiba ya kinga kwa mamilioni, uliza swali moja kabla ya kutoa fedha: ni kipimo gani kilichoonyesha kuwa uvimbe huu utaitikia? Asiyeweza kukujibu kwa karatasi ya maabara hana sababu ya kukutoza.

Wachache wanaonufaika, na namna ya kuwatambua

Wapo wanaonufaika, na mtu asiachwe kupimwa eti kwa kuwa ni wachache. Takribani mgonjwa 1 kati ya 100 ana uvimbe ambao mfumo wake wa kusahihisha makosa ya vinasaba umeharibika. Uvimbe wa namna hiyo hukusanya hitilafu nyingi, na wingi wa hitilafu huufanya uonekane na seli T. Tangu mwaka 2017 Marekani imeruhusu dawa ya pembrolizumabu kwa vivimbe vyenye hali hiyo, vianzie kiungo chochote. Katika jaribio moja lililowahusu wagonjwa 22 wa kongosho wenye hali hiyo, karibu mmoja kati ya watano uvimbe wake ulipungua kwa kiwango kikubwa.

Kipimo chake hufanyika kwenye kinyama kilekile kilichochukuliwa kuthibitisha saratani. Kwa sababu hiyo nakusihi: uliza kinyama cha mgonjwa kimehifadhiwa wapi, na usikubali kipotee. Kikihifadhiwa vizuri kinaweza kupelekwa kwenye maabara nyingine hata miezi kadhaa baadaye, bila mgonjwa kuchomwa sindano upya.

Kipimo cha pili ni cha vinasaba vya kurithi, kinachofanywa kwa damu au mate. Baadhi ya wagonjwa, wapatao 1 kati ya 10 au pungufu kidogo, wamerithi hitilafu inayohusiana na saratani, zikiwemo za jeni za BRCA1, BRCA2 na zile za ugonjwa wa Lynch. Mwenye hitilafu ya BRCA huweza kufaidika zaidi na kemotherapia zenye madini ya platini, na mwaka 2019 jaribio lilionyesha kuwa dawa ya olaparibu iliongeza muda wa ugonjwa kutulia kwa wagonjwa hao, kutoka miezi 3.8 hadi 7.4. Jibu la kipimo hiki linawahusu pia watoto, kaka na dada wa mgonjwa, kwani hitilafu ileile inaweza kuwaletea saratani ya titi, ya mfuko wa mayai, ya tezi dume au ya utumbo mpana.

Chanjo ya New York inatufundisha nini

Katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, Dkt. Vinod Balachandran na wenzake walianza na swali dogo: hao wachache wanaoishi miaka mingi baada ya saratani ya kongosho, wana nini? Mwaka 2017 walichapisha jibu. Vivimbe vya watu hao vilikuwa na seli T nyingi, na hitilafu zake zilikuwa za aina inayotambulika kwa urahisi na kinga.

Wakaamua kuwafundisha wengine kwa chanjo. Kila mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe, sampuli yake ikapelekwa Mainz, Ujerumani, kwa kampuni ya BioNTech, na humo ikatengenezwa chanjo ya mRNA ya mgonjwa huyo peke yake, ikibeba hadi hitilafu 20 za uvimbe wake. Chanjo iliambatana na dawa ya kuondoa breki na kemotherapia. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa kati ya wagonjwa 16 waliochanjwa, 8 walitengeneza seli T mpya zenye nguvu. Baada ya kufuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 3, ripoti ya mwaka 2025 ilisema kati ya wale 8 walioitikia, 6 hawakuwa wamerudiwa na saratani. Kati ya 8 ambao hawakuitikia, 7 walikuwa wamerudiwa.

Ni watu 16 tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo jaribio kubwa zaidi lilianzishwa mwaka huohuo wa 2023. Chanjo hii haiuzwi popote. Mtu akikuambia anayo, anakudanganya.

Tiba nyingine iliyozua gumzo iliripotiwa mwaka 2022 kutoka Portland, Marekani: seli T za mgonjwa zilitolewa, zikabadilishwa maabara ili ziitambue KRAS iliyoharibika, zikarudishwa mwilini. Vivimbe vya mgonjwa huyo vilipungua kwa asilimia 72. Mgonjwa mwingine aliyepewa tiba kama hiyo hakupata nafuu. Habari hizo mbili zisomwe pamoja kila mara, maana magazeti hupenda kuibeba ya kwanza na kuiacha ya pili.

Somo la New York kwa msomaji wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura ni hili: wagonjwa wale wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji, yaani waligunduliwa mapema. Ni wagonjwa 15 hadi 20 tu kati ya 100 wanaogunduliwa wakiwa bado wanaweza kupasuliwa. Tiba yoyote ya kinga itakayokuja kesho itafanya kazi vizuri zaidi uvimbe ukiwa mdogo au umekwisha kutolewa.

Kwa hiyo zijue dalili. Macho na ngozi kuwa vya njano, hasa bila maumivu; mkojo mweusi kama chai ya rangi; choo cheupe, au chenye mafuta na kuelea; mwili kuwasha bila upele; kukonda bila sababu; maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni na kuzidi usiku; kisukari kinachoibuka ghafla baada ya umri wa miaka 50, hasa kikiambatana na kukonda. Mtu mwenye macho ya njano asitibiwe wiki nyingi kwa dawa za malaria au za ini bila kupigwa picha. Anza na utrasaundi, lakini isipoonyesha kitu na dalili zikiendelea, dai CT skani ya kongosho, kwa sababu utrasaundi ya kawaida inaweza kupitwa na uvimbe mdogo.

Kuilinda kinga wakati wa kemotherapia

Kwa wagonjwa wengi, tiba yenye uthibitisho bado ni upasuaji inapowezekana, na kemotherapia. Hapa ndipo familia ina nafasi kubwa ya kuisaidia kinga, na misaada yenyewe ni ya kawaida kabisa.

Nunua kipimajoto, ukiweke karibu na kitanda. Nyutrofili hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi nyingi za kemotherapia. Joto likifika nyuzi 38, mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Kwetu homa huitwa malaria kabla ya kupimwa. Apimwe malaria, lakini apimwe na damu kamili, na aanzishiwe antibiotiki ya mshipa bila kungoja. Mgonjwa aliyewekewa kibomba kwenye njia ya nyongo, akipata homa na kutetemeka huku macho yakirudi kuwa ya njano, huenda kibomba kimeziba na nyongo imeambukizwa. Hiyo ni dharura.

Kama upasuaji ulihusu mkia wa kongosho, uliza kama bandama ilitolewa. Bandama huchuja vijidudu kwenye damu. Asiye nayo anahitaji chanjo za nimonia, za uti wa mgongo na za bakteria wa Hemofilasi, na malaria kwake inaweza kuwa kali mno. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na abebe karatasi inayoeleza kuwa hana bandama.

Chanjo ya mafua na ya nimonia zinafaa kwa wagonjwa wengi wa saratani. Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, hazitolewi wakati wa kemotherapia. Hili linawagusa wengi wanaosafiri kwenda India kutibiwa, maana India hudai cheti cha homa ya manjano kwa watokao Kenya, Uganda na nchi nyingine zenye ugonjwa huo. Zungumza na daktari mapema kuhusu kuchanjwa kabla ya dozi ya kwanza, au kuhusu barua ya msamaha, na ulizia ubalozini jinsi barua hiyo inavyopokelewa kabla ya kukata tiketi.

Kabla tiba haijaanza, mgonjwa apimwe homa ya ini aina ya B na VVU. Virusi vya homa ya ini B huweza kuamka kinga ikishuka. Mwenye VVU anaweza kutibiwa saratani. Kinachotakiwa ni madaktari wa pande zote mbili wajue dawa zote anazotumia. Na prednisoloni au deksamethasoni zisinunuliwe duka la dawa kwa ajili ya kumwongezea mgonjwa hamu ya kula. Zina kazi yake hospitalini, lakini huzima seli T, hupandisha sukari, na kwa mtu mwenye minyoo ya strongiloidi huweza kuifanya isambae mwili mzima.

Chakula ni msingi wa kinga kuliko unga wowote wa kwenye chupa. Hata hivyo mgonjwa wa kongosho anaweza kula vizuri na bado akakonda, kwa sababu vimeng'enya havifiki kwenye utumbo. Choo chake kikiwa na mafuta na kuelea, muulize daktari kuhusu vidonge vya vimeng'enya. Humezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge za kwanza, bila kutafunwa. Vidonge hivi hutengenezwa kutokana na kongosho ya nguruwe. Mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa hilo mapema, ili azungumze na daktari na mwanazuoni anayemwamini, asije akaviacha kimyakimya na kuendelea kudhoofu.

Mlonge ukiwa mboga na kitunguu saumu kikiwa kiungo havina tatizo. Vidonge na dawa za mitishamba zilizokolezwa ni jambo lingine: huweza kuliumiza ini linalovunja kemotherapia, na baadhi huzidisha kuvuja damu. Chochote mgonjwa anachomeza, kipelekwe kliniki kikiwa kwenye chupa yake, daktari akione. Madaktari nao wapokee taarifa hiyo bila kufoka, maana mgonjwa aliyefokewa mara moja hatasema tena.

Kuhusu damu kuganda: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali. Daktari Mfaransa Armand Trousseau aliuhusisha ugandaji huo na saratani tangu mwaka 1865, na saratani ya kongosho ni miongoni mwa zinazouleta zaidi. Ipo dawa ya kuyeyusha damu, ikiwahi.

Ukipewa tiba ya kinga

Mgonjwa anayepewa dawa ya kuondoa breki ajue kuwa madhara yake hayafanani na ya kemotherapia. Seli T zilizoachiliwa huweza kushambulia viungo vizima: utumbo ukaharisha, mapafu yakakohoa na kukosa hewa, ini likavimba, tezi ya shingo ikaharibika, sukari ikapanda ghafla. Madhara haya huweza kuja wiki nyingi baadaye, hata baada ya dawa kusimamishwa. Kuhara mara nne zaidi ya kawaida kwa siku kusitibiwe kwa dawa ya kufunga tumbo na kunyamaza. Beba kadi yenye jina la dawa na tarehe, ili daktari wa zamu asiyekujua aelewe anachokiona.

Kuhusu majaribio ya kitabibu: jaribio halali limepitishwa na kamati ya maadili, lina fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, na kwa kawaida halimtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Kwa Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ndizo zinazoidhinisha. Kwa Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu inahusika. Unaweza kuuliza huko.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

Mchagueni ndugu mmoja mwenye daftari, aongozane na mgonjwa kila mara. Iwe ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, au Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala, maswali ni yaleyale. Hii ni aina gani ya saratani ya kongosho, na imethibitishwa kwa kinyama? Inaweza kupasuliwa sasa, au baada ya kemotherapia? Kinyama kimehifadhiwa wapi? Kipimo cha mfumo wa kusahihisha vinasaba kinaweza kufanyika hapa, na kisipowezekana kinapelekwa wapi? Kipimo cha BRCA je? Homa ikija usiku, nipige simu gani? Maumivu yatatulizwaje?

Swali la mwisho lisiachwe. Tiba shufaa, yaani utulizaji wa maumivu na mateso, huanza siku ya kwanza pamoja na tiba nyingine, na mofini ya kunywa ikitumiwa kwa maelekezo ya daktari ni dawa salama. Mgonjwa asiyelala kwa maumivu hali, na asiyekula hana mwili wa kuhimili kemotherapia.

Waliobaki nyumbani nao wana la kufanya. Uvimbe huu hupenda mwili wenye uchochezi wa muda mrefu, yaani hali ya seli za kinga kubaki zimeamshwa bila kupumzika. Sigara huuleta, pombe nyingi huleta kuvimba kwa kongosho kusikoisha, unene uliopitiliza na kisukari huongeza hatari. Kuacha sigara leo ni njia ya uhakika ya kuzitendea haki seli zako za kinga, na haiuzwi na mtu yeyote.

Fedha ya familia ina mwisho. Ipangeni hivi: kwanza picha na kinyama vya kuthibitisha ugonjwa, kisha vipimo vya kuchagua tiba, kisha dawa zenye uthibitisho pamoja na vimeng'enya na chakula, kisha nauli ya kuwahi hospitali homa inapopanda. Kikibaki kitu baada ya hapo, mkiwekee mgonjwa akiba ya dozi inayofuata.